Tairi za Lami kwa Harusi ya Sigowet

Chekeni tu, kwa maana Sigowet nzima ilishanicheka kabla yenu, na mpaka leo kuna mama mmoja wa kwaya hawezi kunisalimia bila kufunika mdomo na leso.

Ilikuwa miaka ya tisini, mvua kila alasiri, na tairi za pikipiki yangu zilikuwa zimeisha mpaka nyuzi zinaonekana. Nikaenda duka moja Kericho mjini. Kulikuwa na tairi aina mbili: moja ya meno makubwa, mbaya kama ya trekta, na nyingine ya mistari myembamba, nyeusi tii, inang'aa, ya watu wanaosafiri mbali kwa lami.

"Unaendesha wapi sana?" mwenye duka akaniuliza.

"Mimi ni mtu wa lami," nikamjibu. (Lami gani? Kwetu lami ilikuwa bado ni ahadi ya wanasiasa, lakini nilishajiona nikipita Nakuru na koti la ngozi.)

Jumamosi hiyo dadangu Chelangat alikuwa anaolewa na Wafula, fundi wa mitambo kwa kiwanda cha chai, ambaye wazazi wake, watu wa kabila lingine, walikuja kutoka magharibi mwa nchi kuchuma chai. Wazee wa pande zote mbili walikubali harusi kwa shingo upande, na baba yangu hakuwa amempa babake Wafula hata mkono. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuleta keki kutoka Kericho.

Kwa lami zile tairi zangu mpya za mistari ziliteleza kama siagi, nikaimba peke yangu. Kwa matope nikaanza kwenda polepole, na ningefika salama kama singeona umati nje ya kanisa, nikapiga honi, watu wakageuka, nikaongeza mafuta kidogo (ili waone tairi), na hapo tairi ya nyuma ikaamua kutangulia ya mbele. Nikapita mbele ya harusi nzima kiupandeupande, miguu juu, mpaka ndani ya shamba la majani chai.

"Kiprono! Keki!" Chelangat akapiga kelele. (Hakuuliza kama nimeumia.)

Nikaruka juu kuonyesha niko sawa, nikateleza tena, nikashika kitu cha karibu, na hicho kitu kilikuwa Wafula, ambaye alikuwa amekimbia kuniinua na suti yake ya rangi ya maziwa. Tukakaa chini wote wawili, kwa matope mekundu. Nilitamani mvua inibebe.

Wafula akaangalia suti, akaniangalia mimi. "Shemeji," akasema, "si ungeniambia tu nikae?"

Akacheka. Babake akacheka mpaka akakosa nguvu, akaegemea bega la baba yangu, na baba akamshika asianguke, machozi ya kicheko yakimtoka yeye pia. Wakaingia shambani pamoja kuvuta pikipiki. Keki ya chini ilikuwa uji, ya juu ikapona, ikakatwa vipande vidogo sana na kila mtu akaonja.

Wiki iliyofuata nilirudi dukani na Wafula, nikachukua zile mbaya za meno.

"Na lami ikifika?" Wafula akanitania.

"Ikifika tutanunua zingine." Nikaapa kwamba kuanzia siku hiyo nitanunua tairi ya barabara ya kwetu, na keki aibebe mtu mwingine.

Tulipofika nyumbani tulikuta wale wazee wawili wamekaa jikoni kwa mama, vikombe vya chai mkononi, wakibishana kwa sauti kubwa ni nani alianza kucheka.