Bunduki Isiyotobolewa

Jotham Mulwa hakuwahi kumiliki bunduki hata moja, ingawa mikononi mwake zilipita nyingi kuliko majirani zake wa Ilford walivyoweza kudhani. Alizaliwa Machakos, akaandikishwa jeshini akiwa na miaka kumi na tisa, na huko akafundishwa ufundi wa silaha. Alipohamia London alipata kazi ya kutengeneza mabasi. Siku zake za mapumziko alizimalizia kwa Jaspal Singh, mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa na karakana ndogo ya bunduki za wachezaji wa shabaha. Leseni ilikuwa ya Jaspal, na jina la Jotham lilikuwa limeandikishwa polisi kama mfanyakazi wake. Wakiwa peke yao walizungumza Kiswahili. Mteja akiingia, walihamia Kiingereza.

Bastola zilipopigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya tisini, nusu ya wateja wa Jaspal walitoweka. Waliobaki walikuwa wenye bunduki ndefu, na wengi wao wazee wanaohifadhi silaha za vita vya zamani.

Mmoja aliitwa Leonard, Mwingereza wa miaka sabini na minne. Jumatatu moja ya Machi 2003 alileta bunduki ya mwaka 1943, ya aina iliyobebwa na kikosi cha kaka yake aliyeuawa Italia. Namba zake zote zilifanana, kuanzia kwenye chuma hadi kwenye mti unaokishikilia, na hakuna kilichowahi kubadilishwa. Alikuwa ameiahidi makumbusho ya kikosi hicho. Mhifadhi wa makumbusho angeichukua Jumamosi, uwanjani, baada ya mashindano ya bunduki za kale. Sharti lilikuwa moja: isitobolewe wala kupigwa tupa. Walikuwa na picha zake za kila upande.

"Macho yangu hayaoni tena ncha ya mbele ya kulengea," Leonard alisema. "Nataka niipige kwa mara ya mwisho kabla sijaitoa. Nifungieni darubini, lakini bunduki ibaki kama ilivyo."

Alipoondoka, Jaspal alitikisa kichwa. "Matundu manne tu, Mulwa. Nusu saa, kazi imekwisha. Huyu mzee anataka tufanye miujiza."

"Si miujiza," Jotham alisema. "Tutatoa kilengeo cha nyuma, na hapo pini yake ilipopita ndipo tutashikilia kibano chetu cha kubebea darubini. Mguu wa mbele utaegemea tu. Akimaliza tunatoa, tunarudisha chake."

Alikikata kibano hicho kwa siku mbili, akitoka gereji ya mabasi na kuja moja kwa moja karakanani. Jumatano walikijaribu uwanjani. Risasi ya kwanza ilipiga karibu na kati. Ya pili ikaenda kulia upana wa kiganja, ya tatu kulia zaidi. Kila bunduki ilipopiga teke, darubini ilisogea kidogo, kidogo kiasi kwamba jicho halikuweza kuona. Jaspal alikunja karatasi ya shabaha.

Alhamisi Jotham aliwasha mshumaa, akaupaka mguu wa kibano masizi, akaukalisha mahali pake na kuunyanyua. Masizi yalikuwa yamefutika kwenye doa moja dogo kama punje ya mchele. Kumbe mguu wote ulisimama juu ya doa hilo. Akalikwangua kwa tupa laini, akapaka masizi tena, akarudia. Hakugusa bunduki. Alipunguza kibano tu, mpaka masizi yakawa yanafutika uso mzima wa mguu. Kazi hiyo ilimla siku nzima, na muda wa kwenda kujaribu tena ukawa umekwisha.

Ijumaa alifika saa nane mchana. Hakusikia redio ambayo Jaspal huiacha wazi kila siku. Alipoingia ndani aliiona bunduki ya Leonard imebanwa chini ya drili, imefungwa vitambaa kwenye taya za jiliwa, na keekee, ncha ya kutobolea, ikining'inia juu yake, upana wa kidole kimoja. Jaspal alikuwa ameshavaa miwani ya kazi.

Jotham hakupaza sauti. Alikwenda hadi ukutani, akaweka mkono juu ya swichi.

"Toa mkono, Mulwa."

"Umeahidi mtu."

"Nimemwahidi kwamba kesho atapiga. Darubini ikihama mbele ya klabu nzima, nani ataleta kazi hapa tena? Watu wenyewe wamebaki wangapi? Tundu moja, chini ya mti, hakuna atakayeliona."

"Wana picha."

"Za juu. Si za chini ya mti."

Wote wawili walikuwa na umri uliopita miaka sitini, na hakuna aliyekuwa tayari kusukumana. Jotham hakuondoa mkono kwenye swichi. Kisha Jotham akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu Ilford.

"Nikiwa kambini Gilgil, ofisa mmoja aliniletea bunduki nimtobolee aweke darubini. Nilikuwa kijana, sikujua chuma kile kimekomazwa kwa moto. Keekee ilikatikia ndani. Nikajaribu kuitoa, nikazidi kuharibu. Ilikuwa ya marehemu baba yake. Hakunigombeza, Singh. Alikaa kwenye benchi langu akaitazama tu, mpaka chai ikapoa. Afadhali angenifunga."

Jaspal aliitazama keekee. Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Kikihama kesho, wewe ndiwe utakayemwambia," alisema.

"Mimi."

Jumamosi kulikuwa na upepo wa pembeni. Leonard alilala juu ya mkeka, akapumua, na Jotham aliyesimama nyuma yake akajikuta amezuia pumzi pamoja naye. Risasi ya kwanza ilikaa chini. Leonard akageuza skrubu ya darubini mara mbili. Ya pili ilikaa karibu na kati. Ya tatu ndiyo Jotham aliyoiogopa, kwa kuwa Jumatano ndiyo iliyopotea zaidi. Ikapiga pembeni ya ya pili, karibu kugusana. Ya nne vile vile. Kufika ya kumi, zote isipokuwa ile ya kwanza zingeweza kufunikwa kwa kisahani cha kikombe cha chai. Hakushinda. Alikuwa wa nne, akainuka uso umemwiva kama mtoto aliyetoka kuogelea.

Mhifadhi, mwanamke mrefu mwenye faili ya picha kwapani, alikuwa akisubiri kwenye chumba cha chai. Jotham na Jaspal waliiweka bunduki kwenye meza ya nyuma waifungue. Chuma kilikuwa bado cha moto na skrubu imekaza. Jotham akaegemea bisibisi, ikateleza.

Mstari mweupe ulibaki kando ya tundu la pini, mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha.

Jaspal alitazama mlangoni. Kisha akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kutia chuma weusi, akakiweka mezani karibu na mkono wa Jotham.  Tone moja lingetosha.

Jotham alirudisha kilengeo cha asili, akagonga pini yake, akafuta mafuta. Kichupa hakukigusa. Alibeba bunduki mwenyewe hadi chumba cha chai, na kabla mhifadhi hajafungua faili alimwonyesha kwa kidole.

"Huu ni wangu. Nimeufanya sasa hivi wakati wa kufungua. Haukuwepo."

Mhifadhi alitoa kioo cha kukuzia, akatazama, akapima, akaandika. Leonard alikuja akainama juu ya meza. Wekundu wa furaha ulimtoka usoni.

"Niliwaambia ibaki kama ilivyo," alisema.

"Ndiyo, bwana. Uliniambia."

Leonard akatoka nje. Mhifadhi alimaliza kuandika, akasema mkwaruzo hauzuii kuipokea, na kwamba angeandika umetokea lini na kwa nini. Garini, njia nzima kurudi Ilford, Jaspal hakuwasha redio. Walipofika aliuliza tu kama Jotham angekuja Jumatatu.

Miezi mitatu ilipita. Leonard hakupiga simu. Mwezi wa Juni aliingia karakanani na bunduki nyingine, mali ya rafiki yake, akaiweka mezani mbele ya Jaspal.

"Darubini, bila kutoboa," alisema. "Afanye yeye." Akamwelekea Jotham. "Bado nimekasirika."

"Najua," Jotham alisema, akachukua kalamu kuandika namba.

Alitengeneza vibano vya namna hiyo kwa miaka mitano zaidi, kwa wazee waliokuja wakitumwa na wazee wengine. Mwaka 2008 vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kutetemeka kidogo, asubuhi tu. Kabla mteja yeyote hajagundua, alimrudishia Jaspal funguo za karakana.