Mwanangu Amekuja Kunisamehe Moto Nisiouwasha

Kila siku nawasoma humu mkilalamikia waume na wakwe, leo zamu yangu. Jina langu lifichwe. Nimeshavuka themanini, nakaa Chumbageni, Tanga, macho bado yanaona na ulimi bado mkali, hilo majirani zangu watawaambia. Jambo langu ni la miaka ya hamsini, lakini limenirudia juzi mlangoni.

Niliolewa na mtoto wa shangazi yangu. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo na shangazi huyo ndiye aliyenilea, kwa hiyo mkwe wangu alikuwa ndiye mama niliyemjua. Mume wangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Mwera, Pangani. Akanunua pikipiki kuukuu kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, ikawa inalala ndani, ukumbini, kama mgeni wa heshima. Ilinuka petroli mpaka chai ikawa na ladha ya petroli.

Nikamwambia. Akanijibu, "Pikipiki hiyo, ulitaka inukie asumini?"

Basi nikaitafuta harufu mwenyewe. Nikagusa kifuniko cha tangi, kikavu. Nikapitisha kidole kwenye mpira wa petroli, mkavu. Jioni nikatandika gunia chini yake, asubuhi nikalikuta limelowa mahali pamoja tu, chini ya kabureta. Siku iliyofuata nikafunga koki, ile inayoachia petroli itoke kwenye tangi, nikatandika gunia jingine. Asubuhi lilikuwa kavu. Mume wangu akacheka, "Kumbe nimeoa fundi." Lakini aliipeleka kwa fundi kweli, naye akasema sindano ya ndani ya kabureta imelika, haizuii petroli, na mpaka ipatikane nyingine koki ifungwe kila pikipiki ikizimwa. Mume wangu alikuwa msahaulifu, kwa hiyo kazi ya kuifunga ikawa yangu.

Siku yenyewe tulikuwa tunangoja wageni wanaokuja kumposa wifi yangu. Mimi nilikwenda bombani kuchota maji. Huku nyuma mume wangu akarudi kutoka kazini, akaegemeza pikipiki ukumbini na kukimbilia msikitini, sala ya alasiri isimpite. Koki akaiacha wazi. Mwanangu wa pekee, ndiyo kwanza anajifunza kusema, alikuwa amelala mkekani humo humo. Shangazi akatoka jikoni akakuta nyumba nzima petroli na wageni wako njiani. Akafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwetu hufanya nyumba ikinuka. Aliweka makaa kwenye chetezo, akatia udi, akaingia nacho ukumbini.

Nilisikia kishindo nikiwa nje ya mlango na ndoo kichwani. Petroli ilikuwa imetiririkia upande wa mkeka na moto ukaenda huko, shangazi ukamkosa. Nilimtoa mwanangu nimemfunika kanga yangu iliyolowa maji. Shavu na mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeungua. Kile kilio mpaka leo ninacho masikioni.

Watu walijaa. Chetezo kilikuwa pale chini, na katika nyumba zetu kufukiza ni kazi ya mke kijana, si ya mkwe. Hakuna aliyeuliza. Shangazi alinishika mkono kwa nguvu akaninong'oneza, "Nisitiri, mwanangu." Mume wangu alipofika akanitazama mimi peke yangu. "Ulijua," akasema. "Wewe ndiye uliyeniambia inavuja wapi. Ulijua, na bado ukafukiza."

Nikanyamaza. Nilidhani ni hasira, zitapoa, na shangazi atasema mwenyewe. Hazikupoa. Alinipa talaka tatu na mtoto akabaki kwao. Nilimfuata shangazi, nikamwambia sasa sema. Akalia. "Nikisema mwanangu atanitupa, nami sina mtoto mwingine wa kiume. Wewe bado kijana, utaolewa, utazaa." Niliolewa, kuzaa sikuzaa. Nikaja Tanga kulea watoto wa watu Raskazone, nawaogesha, nawalisha, na wangu, baba yake alipohamia mjini, yuko mtaa wa pili akinikimbia njiani. Alifundishwa kwamba mimi ndiye niliyemchoma. Sikumlaumu mtoto. Shangazi nilimlaumu, na bado namlaumu, ingawa kila nikiswali namuombea.

Juzi kabisha hodi mzee mwenye mvi na kovu shavuni. Mwanangu. "Shikamoo, mama." Mama! Maisha yangu yote sijawahi kulisikia neno hilo kwa kinywa chake. Akakaa, akanywa chai yangu, akanishika mikono.

"Nimekuja kwa sababu ya bibi," akasema. "Kabla hajafa aliniusia nikusamehe. Nimechelewa sana, nilikuwa na moyo mgumu. Lakini nimekusamehe, mama. Naomba na wewe unisamehe kwa kukukimbia."

Shangazi alikuwa na mdomo wa kusema kweli, akautumia kuniombea msamaha wa kosa lake. Nililia mpaka mwanangu akadhani nalia kwa furaha. Kidogo ilikuwa furaha kweli, siwadanganyi.

Ijumaa anarudi na binti yake ili nimjue mjukuu wangu. Amempa jina la shangazi yangu, kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwake, na ni haki yake, alimlea vizuri, kama alivyonilea mimi. Nikisema kweli namvua nguo marehemu mbele ya mtu anayemwombea kila siku, na huenda asiniamini, huenda asirudi tena. Nikinyamaza nitazikwa kama mama aliyemchoma mwanawe, lakini yeye atakuwepo kando ya kaburi langu akinililia. Wanangu, nyinyi mngeniambia nini? Nimeshapika kashata za mjukuu, nyumba nimeifagia, na sijui nitafungua mdomo kusema nini.