Gaju wa Nyakiriba

Aimable alirudi Gisenyi kutoka Tanzania mwaka 1997 na kompyuta moja na hasira za watu saba. Wafugaji wa Nyakiriba wakampa kazi ya kuwaingiza ng'ombe wao kwenye mashine, kila mmoja kwa jina lake, ili wagawiwe chumvi. Akaandika programu yenye mzunguko: kila ikizunguka inaumba ng'ombe na kumtia kwenye kisanduku kilekile. Kila aliyeingia akamfukuza aliyetangulia, hadi akabaki wa mwisho tu: Gaju, jina la jike wa kahawia, ng'ombe wa mama Mukandayisenga.

Chumvi ikaja ya Gaju peke yake.

Aimable akaitukana mashine, akajitukana, akaandika upya, kila ng'ombe na kisanduku chake. Kisha akawaita wafugaji wataje majina tena.

"Yangu inaitwa Gaju," akasema wa kwanza, ameshika kamba ya ng'ombe mweusi tititi.

"Na yangu, Gaju."

"Mzee, huyu ni dume!" Aimable akamaka.

"Bon, lakini iko Gaju."

Safari hii programu haikupoteza hata mmoja. Ikawachapa wote: Gaju, Gaju, Gaju, karatasi nzima.

Mukandayisenga akaitazama sana.

"Na yangu mimi, iko gani?"