Beberu wa Namba Kumi na Saba

Nikisikia redio ikitangaza bahati nasibu naizima, na sababu yake naona aibu kuisema, lakini ninyi ni wenzangu.

Niliondoka Busunzu asubuhi moja bila mpango wowote, nina shilingi chache mfukoni na beberu, ujira wangu wa kulima shamba la watu msimu mzima, nikadandia lori la kwanza lililosimama, likanishusha Kasulu, mji ambako sikumjua mtu. Sokoni wachuuzi wakamtazama beberu wangu (alikuwa mwembamba, sikatai), mmoja akaniambia, "Mdogo wangu, lete na wa pili ndipo tuongee bei."

Hapo nikajifanya mjanja. Redioni nilisikia serikali inachezesha bahati nasibu, nikajiuliza, kama yenyewe inachezesha, mimi atanikataza nani? Nikanunua daftari, nikalichana vipande, nikaandika kila namba kwenye vipande viwili, kimoja cha mnunuzi na kimoja cha kofiani, nikaanza kuuza, na kumbe watu wasiotaka kumnunua mbuzi wanapenda sana kumbahatisha, maana kufikia saa tisa vipande vilikwisha na watu wamenizunguka.

"Atachomoa nani?" akauliza mama muuza samaki wa migebuka, mwenye namba kumi na saba. "Wewe hapana, hatukujui."

Nikaona ana haki. Nikatafuta mtu mwenye sura ya uaminifu, nikamwona bwana mmoja wa makamo, shati jeupe, amesimama pembeni kimya, nikampigia makofi ya heshima kama tunavyosalimia sisi Waha, nikamwomba atuchomolee. Akachomoa kwenye kofia yangu bila haraka, akasoma, "Kumi na saba," mama akapiga kigelegele, na yule bwana akakitia kipande mfukoni.

"Na kibali cha kuchezesha kiko wapi, kijana?"

Nikamuuliza (udadisi wangu huu) kama kuna sheria ya jambo hilo. Akasema ipo, na yeye ni polisi, siku hiyo tu hakuvaa sare, kwa hiyo nichukue kielelezo tuandamane. Kielelezo kikagoma kutembea, ikabidi nikibebe mabegani, soko zima likitazama, na mama wa migebuka nyuma yetu akisema, "Afande, mshike yeye, mbuzi ni wangu."

Kituoni beberu akafungwa penye maua, mimi nikavuliwa mkanda na viatu, nikaonyeshwa pa kulala. Mahabusu mmoja akaniuliza nimeingia kwa kosa gani.

"Mbuzi."

"Uliiba?"

"Hapana, ni wangu mwenyewe."

Akafikiri, akanisogezea nafasi ukutani. "Mimi nimelala humu mara tatu kwa mbuzi wa watu," akasema. "Wa kulala kwa mbuzi wake, wewe ndiye wa kwanza."

Mchezo ukafutwa, fedha za vipande zikarudishwa kwa wenyewe, beberu akauzwa, na faini ikammeza mzima. Tangu hapo kitu changu nakiuza kwa bei ya kwanza ninayotajiwa, hata kama inaniudhi.