Makopo Tisa ya Magadi Makali

Simu iliita asubuhi nikiwa nanyoa ndevu. Alikuwa binti wa mzee aliyekuwa mtunza maabara wa shule niliyowahi kufundisha, kule Dongobesh. "Shikamoo, Mwalimu. Baba ametutoka jana jioni. Tunazika kesho." Niliitikia, nikampa pole, nikakaa kitandani povu likinikaukia usoni. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii hainyimi wafu haki yao. Leo nitaandika kwa taabu, kwa sababu huyu niliyefiwa naye hakuwa rafiki yangu sawasawa. Alikuwa mtu niliyemkosea, na nilichelewa kumwambia mpaka nafasi ikaisha.

Ujanani mwake marehemu aliondoka Mbulu kwenda Tanga kukata mkonge. Shambani huko akahamishiwa zahanati, akawa anaosha chupa za mchanganya dawa mmoja mtu wa pwani, na kwa mtu huyo alijifunza majina. Aliporudi kwao milimani alirudi nayo yote. Mawe ya buluu ya kuogeshea kwato za kondoo aliyaita mrututu. Ile chumvi nyeupe inayotuliza tope ndani ya mtungi ilikuwa shabu. Dawa ya mafundi bati ya kulehemu ilikuwa nushadiri, chumvi ya baruti ilikuwa shura, na kuchemsha kitu ili mvuke wake ushuke tena kuwa maji kulikuwa ni kukeneka. Maneno hayo ya pwani yalitoka mdomoni mwake kwa lafudhi ya Mbulu, yamekazwa kooni, na watu wa Dongobesh waliyazoea hivyo hivyo. Mfugaji aliyetaka kujua alichouziwa sokoni alikuja na pakiti yake mpaka dirishani kwa maabara, mzee akanusa, akatazama, akamwambia ni nini na kinaua nini.

Mimi nilipangiwa shule hiyo nikitokea mkoa mwingine, kijana mwenye stashahada mpya ya kemia na imani kubwa nayo. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, kila wiki duka jipya, kila duka na dawa zenye maandishi ya kizungu ambazo hata muuzaji hakuweza kuzisoma. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kubandua karatasi zake zote kwenye chupa na kuandika upya kwa majina ya kitabuni. Alisimama pembeni ameshika ndoo ya maji. "Mwalimu," aliniuliza, "hawa watoto wakirudi nyumbani, watamwambia baba yao kopa salfeti? Baba yao anajua mrututu." Nilimjibu kwamba mtihani wa taifa hautungwi na baba zao. Akasema, "Haya, Mwalimu," akaendelea kuosha meza. Alinizidi umri kama baba yangu, lakini mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake wa kazi, na nilihakikisha analikumbuka hilo.

Baadaye kikaanzishwa kikundi cha akina mama cha kutengeneza sabuni. Marehemu ndiye aliyewafundisha: mafuta ya ng'ombe, maji, na ile dawa nyeupe ya vipande ambayo madukani iliitwa kostiki soda na ambayo yeye aliiita magadi makali. Aliwaonyesha jinsi inavyochemsha maji yenyewe bila moto, akawaambia, "Hii si magadi ya makande. Hii inakula nyama ya mtu." Mzigo wa pili ulipofika, mzee alikuwa amelala na homa. Nikagawa mimi. Nilijaza makopo tisa, moja kwa kila mama, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito SODA, na chini yake herufi za kikemia. Mzee alirudi kazini siku ya kuyapeleka. Akachukua kopo moja, akalisoma taratibu.

"Mwalimu, hii soda wataichanganya. Watu wanasema magadi soda. Niruhusu niandike upya."

"Wameshafundishwa, Mzee. Gari la kata linasubiri. Peleka tu."

Akayapakia. Siku zilizofuata nililikumbuka kopo lile mkononi mwake mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Mmoja wa akina mama wale alikuwa ametoka kujifungua, na mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Nangwa kumtunza. Huyo mama mkwe hakuwahi kufika kwenye mafunzo. Alijua kusoma, tena alijivunia kisomo chake cha watu wazima. Siku hiyo aliweka makande jikoni, mahindi yakakataa kuiva, akatafuta magadi. Akaona kopo, akasoma SODA. Akachukua kipande, akakilamba kwanza kupima ukali, kama wapishi wote wanavyofanya. Mkwe wake alisikia kishindo cha sufuria, akatoka ndani na mtoto kifuani, akamkuta bibi amekaa chini ameshika koo, mate yenye damu yakimtoka. Alipelekwa hospitali, na alipona kwa maana kwamba hakufa. Lakini koo lilijikunja na makovu, na tangu siku ile hakuweza kumeza ugali wala nyama. Aliishi kwa uji na maziwa.

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Mwenyekiti aliinua kopo juu akauliza nani aliandika hapa. Hakuna aliyengoja jibu. Wote waliamini kwamba mwandishi wa chupa za maabara bado ni mzee, na makopo yalikuwa yamefika kwa mikono yake. Mtu mmoja akasema, "Huyu mzee na dawa zake za zamani atatumaliza." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha walimu, safu ya mbele. Mzee alinigeukia akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, ila kama mtu anayempisha mwenzake aanze kusema. Nikainamisha macho. Mzee akasimama, akavua kofia, akasema, "Nitapita nyumba zote nane zilizobaki niandike upya." Akaketi.

Nilimfuata, angalau hilo nililifanya. Tulizunguka siku mbili kwa miguu, mimi nimebeba kopo la rangi nyekundu, yeye brashi. Kila nyumba aliandika MAGADI MAKALI, na chini yake YANAKULA NYAMA YA MTU, kisha akamwita kila aliyekuwepo, hadi wageni, wasome kwa sauti. Njiani nilimuuliza kwa nini hakunitaja.

"Nilikuwa nakungoja wewe," alisema. Tukatembea tena kidogo. "Halafu na mimi nina langu, Mwalimu. Niliona kwamba jina ni baya, nikapeleka. Ningeweza kukataa."

Nilimwahidi kwamba nitamwona mwenyekiti. Sikumwona. Nilijiambia ningoje mambo yapoe, na yalipopoa nikajiambia hakuna haja ya kuyachemsha tena. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, jina la mzee lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya shule yetu, na mkuu alipotaja "lile suala la makopo" kwenye kikao, nilikuwa nimeketi hapo na daftari langu. Mzee akarudi kwenye shamba lake la ngano na kondoo wake wachache. Hakuna tena aliyemletea pakiti anuse. Mkoa wa Manyara ulipozaliwa nikaitwa Babati, nikapewa ofisi, nikawa nazunguka Mbulu na Hanang kwenye semina nikiwahimiza wauzaji wa pembejeo waandike kwa lugha ya wakulima. Nilipigiwa makofi. Yale niliyokuwa nayasema yalikuwa yake, neno kwa neno.

Nilikwenda kuzika. Baada ya mazishi nilimtafuta yule mama wa kikundi aliyekuwa ametoka kujifungua, ambaye sasa mtoto wake yuko sekondari, nikamwita kando na kumweleza yote. Alinisikiliza huku akikunja na kukunjua khanga yake.

"Mama mkwe alishafariki, Mwalimu. Ni mwaka wa tatu."

"Sikujua. Pole sana."

"Mzee alikuwa anakwenda Nangwa kumsalimia. Anampelekea asali. Mama anageuza uso ukutani, hapokei. Mzee anakaa nje, anakunywa maji, anaondoka. Mwaka unaofuata anakwenda tena." Akaongeza bila kupandisha sauti, "Ungekuja mama akiwa hai, wangesalimiana."

Nimechoka kusikia tukisema kwamba wananchi hawaelewi sayansi. Wanaelewa, wakiambiwa kwa maneno yanayowafikia. Sisi tuliosoma ndio tuliokuta watu wana jina linaloonya, tukalifuta, tukaweka letu lililotupa sifa, na madhara yalipotokea tukaacha aliyetuonya ayabebe. Yule mama wa Nangwa alisoma vizuri. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Kama kuna kijana anayesoma safu hii na kazi yake ni kuandika maelezo kwenye dawa, aandike kama anamwandikia mgeni aliyeingia jikoni leo. Na siku akikosea, kwa sababu atakosea, asimame kwenye mkutano ule ule, kabla watu hawajatawanyika, aseme: niliandika mimi.