Jumba la Sultani Nililowaonyesha Wakwe

Niseme mapema, ili nisipate tabu ya kujitetea baadaye, kwamba yaliyonipata siku ile niliyataka mwenyewe kwa mdomo wangu huu, na mpaka leo nikilikumbuka lile birika la mawe uso hunipanda joto hata kama niko peke yangu jikoni nakuna nazi. Mwanangu Salim amenikataza kuisimulia habari hii mbele za watu, lakini nyinyi ni wenzangu, na mtaisikia tu kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu.

Salim ni fundi wa milango ya nakshi. Alikwenda Mombasa kufunga mlango kwenye nyumba ya mtu, akarudi kwetu Amu, yaani Lamu, na habari za msichana anayeitwa Nasra. Haya, tukapeleka posa, tukajibiwa kwa adabu kwamba watakuja kwanza kututembelea (yaani kututazama tukoje, nani asiyejua). Wakaja wawili. Mama yake Nasra, Bi Thureya, mwanamke mnene wa staha asiyesema sana, na kaka yake huyo mama, Bwana Hemedi, ambaye ndiye aliyemlea Nasra tangu baba mtu afariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa lake. Bwana Hemedi amestaafu kazi bandarini, ana goti bovu, na anapenda majengo ya kale kama wanaume wengine wapendavyo mpira.

Jioni ya kwanza tunakula, akaniuliza, "Bi Zuhura, nasikia kule Pate kuna jumba la masultani ambalo siku hizi ni makumbusho. Ni mbali?"

Ningesema ni mbali. Ningesema muulizeni Salim. Nikasema, "Mamangu ni mzaliwa wa Pate. Kule ni kwetu, nitawapeleka mwenyewe."

Mamangu ni mzaliwa wa Pate kweli, hilo si uongo. Ila mimi Pate nimekwenda mara chache, zote za mazishi, nikishuka kwenye boti katikati ya kundi la wanawake, nikifuata buibui la mbele yangu kwenda na kurudi, na anayefuata buibui la mbele hajifunzi njia. Salim akanitazama tu. Ananijua. Akampigia simu mlinzi wa makumbusho atungoje, akampigia na Bakari, mtoto wa binamu yangu mwenye pikipiki, atulaki pale gatini Mtangawanda ambapo boti za abiria kutoka Amu hushusha watu waendao Pate. Asubuhi akiniaga akaninong'oneza, "Mama, ukishuka, panda pikipiki. Usiseme unajua."

"Nimesikia," nikamwambia.

Safari ya boti ilikuwa njema, sina la kuisingizia. Tulipofika Mtangawanda, Bakari alikuwepo na wenzake wawili, pikipiki tatu zimepangwa kivulini, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilizitazama zile pikipiki, nikamtazama Bi Thureya na buibui lake jipya la shanga mikononi, nikawaza, huyu mama nitampakiaje nyuma ya kijana asiyemjua, siku yake ya pili kwetu, si atarudi Mombasa aseme watu wale hawana haya. (Yeye mwenyewe sikumuuliza. Kumuuliza hakukunijia kabisa.)

"Tutakwenda kwa miguu," nikasema. "Ni hapa tu."

Bakari akasema taratibu, "Shangazi, si hapa tu. Na jua hili."

"Enda zako, Bakari. Ndia hii mimi naijua."

Bwana Hemedi, maskini, akatabasamu akasema kutembea ni afya.

Basi tukatembea. Mchanga ni ule unaomeza mguu, unapiga hatua moja unarudi nusu, na jua limeanza kukaa utosini, na mimi mbele nazungumza kama mwenyeji, nataja shamba la huyu na minazi ya yule, majina mengine nikiyatoa palepale. Tukafika panda. Njia moja ilikuwa pana, nyeupe, ina alama za magurudumu ya pikipiki, haina kivuli hata cha kuku. Ya pili ilipita chini ya minazi, ina ubaridi. Nikageuka nikamwona Bi Thureya anajifuta jasho kwa ncha ya mtandio, nikamwonea huruma, nikashika njia ya kivuli. Nilijiambia njia zote za kisiwani mwisho wake hukutana. Hazikutani, mnisikie, hazikutani kabisa.

Kivuli kikatuacha baada ya muda mfupi. Tukapita mashamba ya tumbaku, tukapita ua uliovunjika, njia ikawa nyembamba, ikawa kama njia ya mbuzi (na ndivyo ilivyokuwa). Chupa ya maji ikaisha. Kila Bwana Hemedi aliponiuliza nilimjibu ni hapa tu, naye kila nilipomjibu alisema alhamdulillahi, mpaka ikafika mahali akawa hasemi alhamdulillahi, anapumua tu. Bi Thureya alikuwa ameshaacha kuuliza zamani.

Kisha tukaangukia mkono wa bahari uliokupwa, mikoko huku na huku na tope jeusi katikati. Kurudi nyuma kungekuwa ni kukiri. Nikasema tukivuka tu tumefika. Nilivua viatu nikavuka, Bi Thureya akavua akavuka, Bwana Hemedi kwa ajili ya goti hakuweza kuinama, akaingia na viatu vyake, na katikati ya tope kiatu kimoja kikabaki. Akakitafuta kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, mzee wa watu, kofia imemwangukia usoni, asione. Hakukipata. Alitoka upande wa pili na kiatu kimoja na soksi moja, akanitazama, akasema, "Twende, Bi Zuhura." Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Na hapo, jamani, mbele yetu juu ya kilima kidogo nikaona kuta. Kuta ndefu za mawe ya matumbawe, nyeusi kwa mvua, hazina paa, mti umeota ndani na kutoa matawi dirishani. Moyo wangu ulitua. Sikujiuliza mlinzi yuko wapi, kibao kiko wapi, wala mji wenyewe wa Pate uko wapi. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka akiona ukuta huuamini.

"Ndilo hilo," nikasema.

Bwana Hemedi akasahau goti. Akaingia mlangoni kwa mguu wa kulia akisema bismillahi, akapapasa ukuta, akaniuliza hapa palikuwa nini. Nikamwambia hapa palikuwa ukumbi, sultani alikaa pale. Na hapa? Hapa vyumba vya mabibi. Nilikuwa najisikia nikisema na siwezi kunyamaza, kila swali lake lilipata jibu, nikamwonyesha hata dirisha ambalo binti wa sultani alichungulia meli za wageni (bahari haionekani kutoka pale, naye hakulitaja hilo). Akapiga picha nyingi. Simu ikawa imeshika mtandao, akazituma kwenye kundi la jamaa zao wote wa Mombasa na maneno kwamba wamefika jumba la masultani wa Pate, akanisomea majibu, mashaallah, mashaallah, shangazi zake Nasra wote wameamka.

Uani kulikuwa na birika la mawe lina maji. Bi Thureya akasimama mbele yake. Akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu matope.

"Maji haya ni safi?"

Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Hapo ndipo wake wa sultani walipokuwa wakioga maji ya marashi. Yana baraka."

Akakunja mikono ya buibui, akanawa uso, akanawa mikono, akajimwagia shingoni, akavuta pumzi kama mtu aliyerudishiwa roho. Alikuwa bado amefumba macho, maji yanamtiririka kidevuni, tuliposikia mtu anatoa salamu nyuma yetu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, jembe begani, amesimama mlangoni na mbuzi watatu miguuni pake. Tulimwitikia salamu. Akatutazama mmoja mmoja, akaitazama na soksi ya Bwana Hemedi.

"Mumepotewa na mbuzi?" akauliza.

"La," nikasema. "Tumekuja kutazama jumba."

"Jumba lipi?"

Mimi nikawatazama mbuzi. Bwana Hemedi ndiye aliyejibu, kwa heshima zake zote. "Hili la sultani, bwana."

Yule mtu akazitazama zile kuta kuanzia chini mpaka juu, kama anaziona mara ya kwanza siku ile. "Hii ni nyumba ya kakangu," akasema. "Aliianza, akenda Arabuni kutafuta ya kuiezekea, hakurudi. Mimi nikatia mbuzi." Kisha akamgeukia Bi Thureya, akainamisha macho kwa adabu. "Na hayo mai, bibi, ni ya mbuzi."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Bi Thureya alichukua ncha ya mtandio akajifuta uso polepole, upande mmoja, halafu upande wa pili, na simu ya Bwana Hemedi ikawa inalia, mashaallah mpya zinaingia moja baada ya nyingine, naye anabonyeza huku na huku kujaribu kuzifuta zile picha na miwani yake ina tope.

Jina lake yule bwana ni Omari. Hakutusimanga hata kidogo, na huo pia ni mzigo. Alituambia, "Pate mumeiwata nyuma. Pale kwenye panda mungeshika mkono wa pili," kisha akatuongoza kwake, nyuma tu ya kilima, mkewe akatutolea madafu na ndoo ya maji na sabuni, na akampa Bwana Hemedi kandambili za buluu. Nikampigia simu Bakari kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kumbe alikuwa ametutafuta tangu alipofika makumbusho akaambiwa hatujaonekana. Akaja na wenzake.

Yule Bi Thureya niliyemwonea haya zile pikipiki alipanda bila kungoja mtu, upande upande, akamshika Bakari bega, akasema, "Twende, mwanangu." Mimi nilipanda ya mwisho, nikala vumbi la wote.

Makumbusho tulikuta yamefungwa. Mlinzi alikuwa ametungoja asubuhi nzima na mchana, na alipoitwa mazishini Siyu akaondoka na ufunguo. Bwana Hemedi alikwenda mpaka langoni na zile kandambili, akaweka jicho kwenye mwanya wa mbao, akakaa hivyo muda mrefu.

"Waona nini?" dada yake akamuuliza.

"Mlango mwingine," akasema.

Kufika Mtangawanda, boti ya mwisho ilikuwa imeshaondoka na maji. Tukarudi kwa Bwana Omari, maana Bakari hulala chumba kimoja na wenzake, na Pate nzima, kwetu ninakojidai, sikuwa na mlango mwingine ninaoujua. Baada ya Maghrib wanaume wakakaa nje, sisi wanawake tukatandikiwa jamvi uani. Mke wa Omari akaenda kupakua chakula. Tukabaki wawili. Bi Thureya alikuwa anajikanda nyayo kwa mafuta ya nazi, hanitazami.

"Bi Zuhura," akasema, "wewe lile jumba umewahi kuingia?"

Nilitaka kusema zamani, nikiwa mdogo. Lilikuwa tayari ulimini. Lakini nilikuwa nimechoka mno hata kwa uongo.

"Sijawahi," nikasema.

"Na ndia?"

"Siijui."

Akaendelea kukanda mguu. Nikawa nafikiri nitamwambiaje Salim, nitaanzia wapi, kwamba mchumba wake nimempoteza njiani. Halafu nikaona mabega ya Bi Thureya yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha mtu asiye na nguvu, hakitoi sauti.

"Nilikuja huku nina hofu moja," akasema alipoweza. "Nasra hajui kusema sijui. Tangu mdogo. Umuulize lolote, atakujibu, na atakuongoza, na mtapotea. Nikawa nauliza, huko aendako, mama mkwe wake atamvumilia vipi." Akafunga chupa ya mafuta. "Sasa hofu yangu ni nyingine. Nyumba moja mukiwa wawili, nani atawarudisha?"

Kutoka nje nikamsikia Bwana Hemedi akikohoa. Ukuta wa makuti hauzuii maneno. "Salim," akasema. "Yule kijana ana akili. Alitupangia pikipiki."

Hivyo ndivyo mwanangu alivyopewa mke. Asubuhi boti iliondoka alfajiri kwa sababu ya maji, kabla makumbusho hayajafunguliwa, kwa hiyo Bwana Hemedi mpaka leo lile jumba hajaliona, wala mimi. Shangazi zake Nasra siku ya harusi walinizunguka wote, wakitaka niwaambie zaidi kuhusu lile dirisha la binti wa sultani, nikasingizia kwamba naitwa jikoni.

Nilijiapia nikiwa bado kwenye boti kwamba sitamwongoza tena mtu, na kiapo hicho nimekishika. Mgeni akinisimamisha mtaani akaniuliza ngome iko wapi, nami ngome naiona kutoka nilipo, namwambia muulize yule bwana pale. Wiki iliyopita Nasra alinijia amevaa tayari, akaniambia mama, twende Shela kwa miguu, mimi najua ndia ya mkato.

Nikamwambia, tangulia, mwanangu. Mimi nangoja boti.