Maandamano Yaliyorudiwa Mara Tatu

Mimi ni mwongozaji wa filamu hapa Eldoret, na mwanachama mwaminifu wa chama cha kutetea haki za waongozaji. Chama chetu kina kasoro moja tu: kila mwanachama ni mwongozaji.

Mwaka juzi nilitengeneza filamu kuhusu mama yangu na ng'ombe wake wa maziwa kule Kapseret. Kituo kimoja cha televisheni kiliikubali, kisha meneja akaondoa jina langu na kuweka la mpwa wake. Filamu ilikuwa ionyeshwe Jumamosi. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Nikakimbilia chama, na Alhamisi asubuhi tukaandamana watu kumi na wawili hadi kwenye lango la kituo, kudai jina langu lirudishwe.

Tulichelewa kidogo, maana ilibidi kwanza tubishane kamera ikae wapi. Kisha tukaandamana. Ikaonekana hasira yetu haijatoka vizuri usoni, tukarudi barabarani tukaandamana upya. Safari hiyo bango lilimziba mwenyekiti, na chama kinachojiheshimu hakiwezi kuvumilia jambo kama hilo. Tukarudia.

Mara ya tatu meneja alitoka mwenyewe, karatasi mkononi.

"Sawa, nimewasikia," akasema. "Hiyo jina tutarudisha. Wacha niweke sahihi hapa mbele yenu."

Nilikuwa tayari natafuta kalamu mfukoni. Mwenyekiti wetu akainua mkono.

"Mzee, pole kidogo. Jua ilikuwa nyuma yako, uso imetoka nyeusi. Rudi ndani, halafu utoke tena polepole. Na usianze kuongea mpaka nikuambie."

Meneja alimtazama, akanitazama mimi, akarudi ndani. Tulimngoja hadi saa nane, wenzangu wakisifu jinsi mwanga ulivyokuwa umetulia. Hakutoka.

Jumamosi nilikaa na mama mbele ya televisheni. Majina yalipoanza kupanda, alivaa miwani na kuyasoma yote.

"Na yako iko wapi?" akauliza.

Niliona aibu, nikasema nakwenda kuangalia chai.

Wiki iliyofuata chama kilitoa video ya maandamano. Ni kazi safi, sikatai. Mwishoni wameorodheshwa waongozaji kumi na mmoja, kila mmoja kwa majina yake matatu. Mimi simo. Nilipouliza, mwenyekiti alinieleza kwa upole kwamba siku ile sikuongoza chochote, nilikuwa mlalamishi tu.